Nenosiri la Programu ya Ulinzi: Nani Aruhusiwe Kuizima?

Ndugu maafisa TEHAMA wa halmashauri za Dodoma na mikoa jirani, nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulimaliza haraka siku ya kusakinisha programu, kisha hatulirudii tena: nenosiri linalozuia programu ya kulinda kompyuta isizimwe wala kuondolewa na mtu asiyehusika.

Chukulieni mhasibu wa Mpwapwa au Kondoa, mwisho wa mwezi, kompyuta imekuwa nzito na jedwali la malipo linagoma kufunguka. Anabofya kwa kitufe cha kulia ile alama ndogo iliyo karibu na saa, anachagua kusimamisha ulinzi, kazi inaendelea. Baadaye anachomeka flashi iliyotoka steshenari. Mhasibu huyu si mhalifu, ana haraka tu, na nenosiri limewekwa kwa ajili yake pia. Mhalifu naye, akishaingia, mara nyingi huanza na hilohilo la kuzima ulinzi kabla ya kufunga mafaili na kudai fedha.

Uzito wa suala hili uko kwenye kuamua ni kitu gani hasa kilindwe. Kufunga ukurasa wa mipangilio pekee hakutoshi ikiwa mtu anaweza kuiondoa programu nzima bila kuulizwa chochote. Katika Kaspersky Endpoint Security, kwa mfano, ulinzi wa nenosiri unamtambua mtumiaji aitwaye KLAdmin, mwenye mamlaka yote, na wengine wanaweza kupewa ruhusa mojamoja, kiasi kwamba fundi wa wilaya anaweza kusimamisha sehemu fulani ya ulinzi ilhali kuiondoa programu kunabaki mikononi mwa msimamizi. Microsoft Defender, programu ya ulinzi inayokuja na Windows, imepita njia nyingine: tangu 2019 ina kinga dhidi ya kuchezewa ambayo haitegemei nenosiri la pekee.

Kwa ofisi yenye kompyuta nyingi, nashauri nenosiri lisambazwe kwa sera, yaani mipangilio inayotumwa kwa kompyuta zote kwa pamoja, kutoka kwenye seva ya usimamizi, kwa sababu anayezunguka meza kwa meza huchoka, na aliyechoka huishia kuandika lilelile la Wi-Fi ya ofisi. Liwe refu, lisifanane na la msimamizi wa Windows, lijulikane kwa zaidi ya afisa mmoja, na libadilishwe kila afisa anapohamishwa, na uhamisho kwetu, mnajua, hauishi. Kwa kompyuta mpakato iliyo safarini, Kaspersky inaruhusu kutoa nenosiri la muda, hivyo hakuna haja ya kumsomea mtu nenosiri kuu kwenye simu.

Hata hivyo, nenosiri hili lina mpaka. Mwaka 2019 programu ya kudai fidia iitwayo Snatch ilionekana ikiiwasha kompyuta upya katika hali salama ya Windows, ambamo programu nyingi za ulinzi hazifanyi kazi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuuliza nenosiri. Ndiyo maana watumiaji wa kawaida waondolewe kwanza haki za msimamizi. Kisha jaribuni wenyewe: ingieni kwa akaunti ya karani, jaribuni kuizima programu, jaribuni kuiondoa, na mhakikishe majaribio yote mawili yamekataliwa. Lolote likipita, anzeni kwa kuangalia kama sera imeifikia kweli kompyuta hiyo.