Kiarta, lugha ya watu 10

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Kabla sijasema lolote, naomba niandike majina manne hapa ubaoni: Agta, Ayta, Alta, Arta.

Yatazameni vizuri. Hilo ni neno moja. Mtu wa Mombasa akisema "ndia", Muunguja akasema "njia", hakuna anayedhani ni barabara mbili. Na hapa ni vivyo hivyo: katika lugha ya kale iliyozizaa lugha zao palikuwa na sauti moja katikati ya neno hili, kisha kila jamii ya Waaeta, wenyeji wa kale wa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, ikaitamka kivyake: g, y, l, r. Wenye r ni hawa wa mkoa wa Quirino, na ndio walionileta mbele yenu.

Kiarta ni lugha ya Kiaustronesia, yaani ya familia ya lugha iliyoenea kutoka Taiwan hadi Madagaska, na ni ndugu wa mbali wa Kimalagasi cha jirani zetu wa Madagaska. Tano kwa Waarta ni lima. Mmalagasi husema dimy. Lakini inueni kidole kimoja: sipang. Viwili: tallip. Hapo undugu unakatika. Kwa mbili, majirani wao Wailokano husema dua. Wataalamu wengi huona kwamba wazee wa Waaeta waliishi visiwani humo kwa uwindaji muda mrefu kabla wakulima wa Kiaustronesia hawajafika kwa mitumbwi kutoka Taiwan, kisha wakachukua lugha ya wageni hao. Mimi nasema waliichukua, wakaifanya yao kabisa.

Mtaalamu wa lugha Lawrence Reid aliieleza lugha hii kwa wanazuoni mwaka 1989. Mwenzake Yukinori Kimoto alipokamilisha kuandika sarufi ya Kiarta mwaka 2017, wazawa walioizungumza sawasawa walikuwa 10 hivi. Kumi! Safu hii ya mbele tu inawazidi.

Na msidhani Kiingereza ndicho kilichoimaliza. Waarta ni wachache, wakaoana na Waagta, na watoto wakakulia katika Kiagta. Kiilokano nacho kikawa lugha ya kuelewana na walowezi. Kilichoivunja zaidi si fimbo ya shule wala sheria. Kijana alipenda, akaoa, nyumba ikabadili lugha. Hilo ndilo linaloniuma, maana huwezi kumlaumu mtu kwa kuoa.

Tallip imebaki kwa wazee.