Kumwandaa Mtoto kwa Kikao Kinachohusu Usalama Wake

ELISANTE: Karibuni wasikilizaji wetu, mlioko hapa Arusha na mnaotusikiliza kutoka kwingineko. Leo tunazungumzia vikao ambavyo watu wazima hukaa kuamua namna ya kumlinda mtoto, iwe ni kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, mahojiano kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au shauri katika Mahakama ya Watoto. Dada Anna, wewe umefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa muda mrefu. Mtoto anapoambiwa kwamba kuna kikao kinachomhusu, anaelewa nini?

ANNA: Asante, Mwalimu. Mara nyingi anaelewa kwamba amekosa. Tazama maisha yake yalivyo: shuleni, mwanafunzi anayeitwa ofisini pamoja na mzazi ni yule aliyefanya kosa, na nyumbani wazee wa ukoo wanapokaa kwa ajili ya mtu fulani, mtu huyo ana la kujibu. Kwa hiyo jambo la kwanza kumwambia, kabla hata ya kumtajia mahali na saa, ni kwamba watu hawa wanakutana kwa sababu wakubwa wana wajibu wa kumlinda, na kwamba hakuna atakayemwadhibu kwa yale aliyoyasema. Mtoto wa miaka saba hatalishika hilo kwa kuambiwa mara moja, kwa hiyo arudiwe siku inayofuata na tena asubuhi ya kikao.

ELISANTE: Nani anafaa kumwambia? Nimeona kazi hiyo ikisukumwa kwa yeyote aliye karibu.

ANNA: Amwambie mtu ambaye mtoto tayari anamwamini, baada ya mtu huyo kuelezwa vizuri na afisa ustawi wa jamii. Anaweza kuwa bibi, mwalimu wa darasa au shangazi, ilimradi hana upande katika shauri lenyewe. Tena amweleze kwa lugha ambayo mtoto huota ndoto kwayo. Katika mkoa wetu wapo watoto wanaofikiri kwa Kimaasai au kwa Kimeru, na Kiswahili chao bado ni cha darasani. Kama mkalimani anahitajika, asiwe ndugu wa anayetuhumiwa, kwa sababu mtoto atapima kila neno kwa kumwangalia usoni.

ELISANTE: Nami ningeongeza habari ya watu watakaokuwemo. Kamati ya mtaa ni watu anaowafahamu. Huenda kiongozi wa dini aliyeketi pale ndiye atakayemwona kanisani au msikitini wiki hiyohiyo.

ANNA: Umegusa jambo zito, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapolegea zaidi. Mtoto aelezwe mapema nani atakuwepo na kila mmoja ana kazi gani: huyu anaandika, huyu anauliza, huyu mwenye sare ni askari na hakuja kumkamata yeye. Mdogo anaweza kuchora meza na kuwapanga watu kwa vijiti au mawe, kisha achague pa kukaa yeye. Halafu aulizwe, akiwa peke yake na anayemwandaa, kama kuna yeyote kati yao anayemwogopa. Akimtaja mtu, taarifa hiyo ifanyiwe kazi kabla ya kikao. Kumwacha akae uso kwa uso na mtu huyo ni kumfunga mdomo. Hata kusubiri kuna taratibu zake, kwa maana ni vibaya sana kumweka mtoto kwenye benchi moja na anayetuhumiwa huku wakubwa wakiendelea na mazungumzo ndani.

ELISANTE: Wapo wanaosema mtoto mdogo hana haja ya kuulizwa chochote.

ANNA: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, na haikutaja umri, ilitaja uwezo wa kuwa na maoni. Sheria hiyohiyo inataka Mahakama ya Watoto iendeshe mambo yake faraghani, bila ukali wa taratibu za mahakama za kawaida, na afisa ustawi wa jamii awepo. Hayo yote mtoto anaweza kuelezwa: kwamba mlango utafungwa, kwamba anaruhusiwa kusema hajui, na kwamba akichoka anaweza kuomba kupumzika. Asiyetaka kuingia anaweza kuandika, kuchora, au kumtuma mtu aseme kwa niaba yake.

ELISANTE: Vipi akisema, "Mwalimu, usimwambie mtu"?

ANNA: Usimwahidi siri, Mwalimu, hata kama analia. Sheria inamtaka mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, kwa hiyo ahadi hiyo utaivunja, naye atajua umeivunja. Mwambie kwamba utawaeleza wale tu wenye kazi ya kumsaidia, na umtajie ni akina nani.

ELISANTE: Na kikao kikiamua kinyume cha alichokitaka? Mtoto amesema anataka kubaki kwa mama yake, nao wameamua akae kwanza na familia ya kuaminika.

ANNA: Aambiwe siku hiyohiyo, na aliyemwandaa, kabla hajazisikia habari hizo kwa jirani. Aelezwe kwamba maneno yake yalisikilizwa, kwamba uamuzi ni wa wakubwa nao ndio wanaoubeba, na sababu yake kwa maneno machache ya kweli. Anayeondolewa nyumbani wakati anayemdhuru amebaki palepale huona kwamba yeye ndiye aliyefukuzwa, na hilo lizungumzwe waziwazi badala ya kungoja aulize. Kisha yajibiwe maswali yake madogo, ambayo kwake ni makubwa: nani ataleta sare ya shule, mdogo wake atalala na nani, mama anaruhusiwa kuja siku gani. Kama jibu la swali fulani bado halijapatikana, aambiwe hivyo, apewe jina la atakayelileta, na mtu huyo afike siku aliyoitaja.