Jua la Dar Halizami Baharini

ZUHURA: Haya, tumerudi. Leo kaka Deo ana kesi ya kujibu.

DEO: Jamani, hata sijakaa vizuri.

ZUHURA: Jumamosi ananipigia simu saa kumi na moja jioni, yuko Coco Beach na kamera begani. "Zuhura, njoo, nataka nilipige jua likizama baharini." Ikabidi nikate simu nicheke kwanza.

DEO: Dada, mimi mtu wa Njombe. Kwetu jua linazama nyuma ya kilima, yameisha. Nikajua ukiwa pwani lazima lizame majini. Nimekaa pale na mihogo yangu ya kukaanga, na kachumbari, na pilipili. Sahani ya kwanza ikaisha, nikaagiza ya pili. Kaenda jua wapi, simuoni mtu wa kumuuliza. Nageuka nyuma, naona wekundu umebaki juu ya paa za nyumba, kule upande wa Kimara. Ninakokaa mimi!

ZUHURA: Umepanda daladala kulikimbia jua.

DEO: Nimelikimbia kwa nauli yangu mwenyewe.

ZUHURA: Sasa wasikilizaji, tuelewane. Bahari ya Dar iko mashariki. Coco ni mahali pa jua kuchomoza, uende alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo uwe umeshakanyaga mchanga. Jioni pale ni mishikaki, muziki na watoto. Picha za "machweo ya Coco" zinazozunguka mitandaoni, nyingi ni za asubuhi na mwenye picha kaamka mapema akanyamaza.

DEO: Basi niambie, anayetaka jua na maji jioni aende wapi? Maana nimeulizwa na watu watatu.

ZUHURA: Sehemu mbili. Ya kwanza Daraja la Tanzanite. Lile jipya la 2022, linalotoka Oysterbay likakatiza juu ya maji mpaka kule Aga Khan. Lina kama kilomita moja na njia ya waenda kwa miguu. Watu wote wakifika pale wanatazama bahari. Wewe mgeuzie bahari mgongo. Tazama Salenda, pale Mto Msimbazi unapomwaga maji. Kuna mikoko, na maji yakiwa yamekupwa matope yanang'aa kama bati jipya. Jua linashukia huko huko.

DEO: Na harufu?

ZUHURA: Harufu ipo, siwezi kudanganya. Picha haina harufu.

DEO: [anacheka] Ya pili?

ZUHURA: Ya pili ni kwetu. Pantoni, kile kivuko cha Kigamboni na Kivukoni.

DEO: Nilijua tu. Mtu wa Kigamboni ukimwachia dakika kumi lazima afike kwenye pantoni.

ZUHURA: Kaka, mimi nimevuka pale tangu nina sare ya shule. Watu wanalipa soda bei ya kuku ili wakae juu ya ghorofa watazame mji. Mimi shilingi 200.

DEO: Hilo la ghorofa limenikuta. Sitaji hoteli. Nimepanda lifti, nimefika juu, mhudumu ananiambia kamera kubwa hairuhusiwi mpaka uandike barua. Nikanywa maji yangu nikashuka. Na kule juu kwenyewe unaona nini? Mapaa, matangi ya maji na kunguru.

ZUHURA: Eeh, kwa sababu Dar mgongo wake ndio uko huku tunakoishi. Uso ameuelekeza majini. Mji ulianza na bandari. Sultani Majid wa Zanzibar alipokuja miaka ya 1860 kujenga hapa penye kijiji cha Mzizima, alifuata ile ghuba iliyojificha. Wajerumani nao wakajipanga mstari mmoja pale Kivukoni. Kwa hiyo ukitaka kuuona uso, lazima uwe majini.

DEO: Naenda saa ngapi?

ZUHURA: Kwa kamera yako, asubuhi, ukitokea Kigamboni. Jua liko nyuma yako, linaupiga mji usoni. Usibaki ndani ya gari. Shuka, pita katikati ya baiskeli na bodaboda, simama ubavu wa kushoto. Utaona mnara wa kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye mapaa mekundu ya vigae, halafu ncha ya kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalikamilika 1902.

DEO: Yanaonekana bado? Na yale maghorofa?

ZUHURA: Yanaonekana, lakini yamekuwa kama wazee waliokaa harusini nyuma ya wajukuu warefu. Marehemu bibi yangu alikuwa akifika katikati ya maji anatafuta kwanza ule mnara mwekundu, akiuona ndipo anafungua kanga kutoa nauli ya daladala. Siku hizi inabidi utafute. Halafu usizubae, safari yenyewe ni dakika chache. Ukisikia mnyororo na lile bamba la chuma linakwaruza zege, kila mtu anatimua mbio, na wewe na kamera yako utasombwa.

DEO: Jioni je?

ZUHURA: Jioni simama ng'ambo, Kigamboni, kabla hujapanda. Jua linazama nyuma ya majengo, mji wote unakuwa kivuli cheusi na maji ya bandari yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ila upande wa Ikulu kamera weka chini. Pale hakuna mjadala.

DEO: Nimeelewa. Sasa nami niongeze kitu, maana si kila siku nimechekwa. Mimi napenda Sanamu ya Askari, pale zinapokutana barabara za Samora na Azikiwe. Watu wanaipita kama nguzo ya umeme. Askari wa shaba, bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Waingereza waliiweka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kabla yake Wajerumani waliweka pale sanamu ya gavana wao, Wissmann. Waingereza walipoingia 1916 wakamng'oa.

ZUHURA: Wakampeleka wapi?

DEO: Akaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu. 1968 wanafunzi wakamwangusha na huko.

ZUHURA: Kaangushwa mabara mawili! Huyo alikuwa na nuksi.

DEO: Ukitoka pale unatembea kwa miguu mpaka Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Ndogo, imechoka kidogo, lakini ina minazi ya Shelisheli, ile yenye mbegu kubwa kuliko mmea wowote duniani. Nimekaa chini yake nusu saa, honi za Samora nazisikia kama ziko mji mwingine.

ZUHURA: Na Mnazi Mmoja?

DEO: Mnazi Mmoja kuna Mnara wa Mwenge. Kivuli pia kipo, lakini saa saba mchana kila kivuli kina mwenyewe.

ZUHURA: [anacheka] Kweli. Na watu wa Dodoma msituandikie, tunajua makao makuu ni kwenu, sheria ilishapita 2018. Bahari tu ndiyo haikuhama.

DEO: Dada, kabla hatujafunga. Yaani Coco jioni hakuna kitu kabisa?

ZUHURA: Kipo. Mara moja kwa mwezi.

DEO: Nini?

ZUHURA: Mwezi mpevu. Siku hiyo jua likizama huko kwenu Kimara, mwezi unatoka majini, mkubwa, mwekundu kama chungwa la Muheza. Kaa pale pale ulipokaa na mihogo yako, na usigeuke nyuma.

DEO: Ni lini?

ZUHURA: Muulize jirani yako mvuvi. Akisema leo hatoki kwa sababu kuna mbalamwezi, beba kamera.