Amegeuka, Amemgeuka, Ametugeuka

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Nitaanza na kitenzi, kwa sababu ndicho kitakachotubeba jioni hii. Kitenzi chenyewe ni kugeuka. Upepo hugeuka, mtu aliyelala hugeuka ubavu, na hakuna anayelaumiwa. Lakini tia kiambishi kimoja kidogo katikati, useme "amemgeuka", na papo hapo pameingia mtu wa pili, mtu aliyeumizwa. Silabi moja tu, na habari ya mabadiliko imekuwa habari ya usaliti. Nimetazama mieleka ya kulipwa kwa miaka mingi, na sijaona chombo kingine kinachoueleza mchezo huu vizuri kuliko silabi hiyo.

Wote humu tunajua kwamba matokeo ya mieleka hii hupangwa. Maumivu hayapangwi, na mshabiki hapangwi. Mwandishi anaweza kumwambia mwanamieleka ashinde au ashindwe, amkumbatie mwenzake au ampige kiti cha mgongo. Hawezi kuwaamuru watu elfu ishirini wazomee. Hapo ndipo penye uhai wa jambo hili. Wenye kazi yao wana majina yao ya ndani. Mimi nitatumia yale tuliyoyazoea kwenye sinema, stelingi na adui.

Twende mwaka 1980. Bruno Sammartino alikuwa shujaa wa New York na miji ya jirani kwa karibu miaka ishirini, mhamiaji kutoka Italia aliyependwa kama baba wa nyumba. Alikuwa na mwanafunzi wake, Larry Zbyszko. Kijana akachoka kuitwa mwanafunzi wa Bruno, akaomba wapambane, mara moja tu, kirafiki. Mwalimu hakutaka, akakubali kwa shingo upande. Ndani ya ulingo kila Zbyszko alipojaribu kitu, Bruno alikitegua kwa upole, kisha akamwachia, kama mzee anayemfundisha mtoto bao. Upole huo ndio uliomchoma kijana. Ikafika mahali Zbyszko akaangukia nje ya ulingo. Alipokuwa anarudi, Bruno akazishika kamba na kuzipanua ili apite.

Naomba mkishike kitendo hicho cha kupanua kamba. Ni adabu ndogo, ya kumfungulia mtu mlango. Zbyszko akapita katika mlango aliofunguliwa, akamvamia aliyemfungulia, kisha akachukua kiti cha mbao na kumtwanga nacho mpaka mwalimu akalala ulingoni akivuja damu. Agosti 9 mwaka huohuo walikutana ndani ya uzio wa chuma katika uwanja wa Shea, na watu zaidi ya 36,000 walikuja kuona deni likilipwa. Hawakuvutwa na ufundi. Mtu alikuwa amemgeuka mwalimu wake, na kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyewahi kumpanulia kamba, au ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpanulia.

Tangu hapo jambo hilo limerudiwa mara nyingi. André the Giant alimgeuka Hulk Hogan mwanzoni mwa 1987, akamchania fulana na kumkatia mkufu wa msalaba shingoni, na pambano lao la Machi mwaka huo likaujaza uwanja wa Pontiac Silverdome. Shawn Michaels alimpiga teke la uso Marty Jannetty, mwenzake wa miaka mingi, akamrusha kupitia dirisha la kioo. Hiyo ilionyeshwa Januari 1992. Halafu Seth Rollins, Juni 2, 2014. Huyu sitampita haraka.

Rollins, Roman Reigns na Dean Ambrose waliingia pamoja Novemba 2012, wakaitwa The Shield. Usiku mmoja kabla ya tukio walikuwa wamewashinda wapinzani wao wakubwa, kundi la Triple H. Kesho yake wamesimama ulingoni wote watatu, Triple H anawatazama kutoka nje. Rollins ana kiti mkononi, na tunadhani kiti hicho ni cha adui. Reigns amempa mgongo, na mtu humpa mgongo yule anayemwamini. Kiti kikatua mgongoni pake. Nimeutazama mkanda huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara zote ninachokitafuta ni uso wa Ambrose. Kwa sekunde chache hana hasira hata kidogo. Anamtazama ndugu yake kama mtu anayejaribu kukumbuka neno. Hasira inakuja baadaye, na ikija imechelewa, maana kiti kimeshamgeukia yeye.

Hayo ndiyo ninayoyaita "amemgeuka". Yana mkosaji, yana mkosewa, na sisi tumekaa pembeni tukishuhudia. Lipo jingine kubwa zaidi.

Julai 7, 1996, Daytona Beach, Florida. Scott Hall na Kevin Nash, wavamizi waliotoka kampuni pinzani, wameahidi kwamba wana mtu wa tatu, na jina lake hawalitaji. Wanapambana na Sting na Randy Savage. Lex Luger, aliyekuwa wa tatu upande wa Sting na Savage, ameshatolewa akiwa ameumia. Pambano limeharibika, watu wetu wako chini. Ndipo Hulk Hogan anapotokea, na uwanja unalipuka.

Kumbukeni huyu ni nani. Tangu Januari 1984, alipotwaa ubingwa kwa kumshinda The Iron Sheik, Hogan alikuwa akiwaambia watoto wafanye mazoezi, wasali na wanywe vitamini zao. Miaka kumi na miwili. Watoto waliomsikia mwanzo walikuwa sasa vijana wakubwa, na kweli walishaanza kumchoka. Mwaka mmoja nyuma makofi yalikuwa yamepungua na kuzomea kumeanza kusikika. Hata hivyo alipotokea, walisimama. Imani ya utotoni haitoki kwa siku moja.

Kwenye meza ya watangazaji alikuwepo Bobby Heenan. Huyu ndiye aliyekuwa meneja wa André kule 1987, na kwa miaka yote hiyo aliwaambia watu kwamba Hogan si mtu mwema. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu Heenan alikuwa adui na kazi ya adui ni kusema uongo. Hogan anakaribia ulingo, watangazaji wenzake Heenan wanafurahi, Heenan anauliza: lakini huyu yuko upande wa nani? Wapo washabiki wanaolalamika mpaka leo kwamba aliharibu siri. Mimi nasema hakuharibu kitu. Alikuwa mtu yule yule aliyekuwa akisema maneno yale yale kwa muongo mzima, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, alikuwa amesema kweli.

Hogan akapanda. Hall na Nash wakateleza nje kama wanaokimbia. Savage amelala chali. Hogan akaegemea kamba, akaruka, akamdondoshea Savage mguu shingoni, kwa pigo lile lile ambalo watoto walikuwa wakiliiga juu ya mito yao.

Kisha zikaanza kuruka chupa, vikombe, kila kilichokuwa mkononi mwa mtu. Ulingo ukageuka jalala. Hogan alisimama katikati ya takataka hizo akihojiwa na Gene Okerlund, akawaambia washabiki kwamba takataka ile ndiyo wao. Mtangazaji Tony Schiavone alifunga matangazo kwa kumwambia aende jehanamu. Hapa hakuna tena mtu wa pembeni. Savage aliumia shingo, lakini aliyegeukwa ni yule mtoto aliyekunywa vitamini. Ametugeuka. Kwa sababu hiyo kundi lile la Hogan, Hall na Nash, New World Order, likawa moto. Nitro, kipindi cha televisheni cha kampuni yao, kilikipiku Raw cha kampuni pinzani kwa wiki 83 mfululizo katika miaka hiyo.

Wengi wakifika hapa husimama na kusema hilo ndilo geuko kuu kupita yote. Kwa ukubwa wa kelele, nakubali. Lakini lipo moja ninalolipenda zaidi, na naona limefanywa kwa mkono mwepesi zaidi.

Machi 23, 1997, Rosemont, nje kidogo ya Chicago. Bret Hart dhidi ya Steve Austin. Bret ni stelingi, mtu wa heshima, fundi. Austin ni adui mwenye matusi. Sharti la pambano ni kwamba litaendelea mpaka mmoja asalimu amri, na refa ni Ken Shamrock. Miezi kadhaa kabla ya hapo Bret alikuwa anadhulumiwa, na dhuluma zenyewe zilikuwa za kweli: Januari alimtupa Austin nje ya ulingo katika Royal Rumble, pambano la wengi ambalo anayetupwa nje ametoka, marefa hawakuona, Austin akarudi ndani, akamtoa Bret na kushinda. Bret alilalamika. Alikuwa na haki ya kulalamika. Akalalamika tena, na tena. Na washabiki, bila mtu kuwaamuru, wakaanza kumchoka mwenye haki.

Sasa tuko mwishoni. Austin amepasuka paji la uso. Bret ameikunja miguu yake katika mbano uitwao Sharpshooter, amemgeuza kifudifudi na kumkalia, anamvunja mgongo polepole. Kamera inasogea karibu na uso wa Austin. Damu imemteremka machoni mpaka mdomoni, imeingia kati ya meno. Anainua kichwa, analia kwa maumivu, mikono inasukuma turubai. Neno moja tu linatakiwa, nalo halimtoki. Anajaribu kuupindua mbano ule, anakaribia, unamrudia. Halafu anazimia. Hakusalimu amri. Refa anamaliza pambano kwa sababu hakuna tena mtu wa kumuuliza.

Bret ameshinda. Angeondoka hapo, angebaki shujaa. Akarudi kumpiga aliyezimia. Shamrock akamnyanyua kiunoni na kumbwaga, akamwita wapambane, na Bret akashuka akaenda zake huku akizomewa. Austin alipozinduka, refa mmoja alijaribu kumsaidia, naye Austin akamwangusha kama malipo ya msaada wake. Akatoka kwa miguu yake mwenyewe, anachechemea, na ukumbi mzima ukiimba jina lake.

Nani aligeuka? Austin alikuwa adui anayetukana jana, na kesho yake alikuwa adui anayetukana. Hakuomba radhi, hakutubu, hakumwokoa mtu. Bret alikuwa na malalamiko yale yale. Waliogeuka ni waliokaa kwenye viti. Ajabu yake ni kwamba hawakugeuka wote. Bret ni Mkanada. Baada ya usiku ule alianza kuwasema washabiki wa Marekani, na Marekani ikamchukia. Julai 6, 1997 alipigana kwao Calgary, yeye na ndugu zake na marafiki, watano dhidi ya watano, Austin akiwa upande wa pili. Ukumbi ulimpokea kama mfalme anayerudi nyumbani, na Austin akazomewa. Mtu yule yule na maneno yale yale, ila mpaka wa nchi umevukwa.

Ndiyo maana uongozi ukijaribu kulazimisha, huumbuka. Aprili 1, 2001, Houston, jimboni kwao Texas, Austin alimshika mkono Vince McMahon, bosi aliyekuwa hasimu wake mkuu, wakashirikiana kumpiga The Rock kwa kiti. Kila alama ya usaliti ilikuwepo. Watu wakashangilia. Austin mwenyewe amesema baadaye kwamba angependa angebadili uamuzi ule. Agosti 19, 2018, Brooklyn, Becky Lynch alimshambulia rafiki yake Charlotte Flair aliyemzidi na kuchukua ubingwa. Hadithi ilimtaka awe adui. Washabiki walikuwa wameona miaka yote anavyopitwa, wakasema hapana, huyu ana haki. Miezi minane baadaye alikuwa katika pambano la wanawake la kwanza kufunga WrestleMania, onyesho kuu la mwaka, na akatoka na mikanda miwili.

John Cena, Toronto, Machi 1, 2025, ni wa kusikitikiwa kidogo. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa stelingi bila kugeuka. Akamkumbatia Cody Rhodes, juu ya bega la Cody akamtazama The Rock, The Rock akapitisha kidole shingoni, na uso wa Cena ukabadilika kabla mkono wake haujabadilika. Sekunde zile ni za dhahabu. Lakini hadithi iliyofuata haikuzistahili. The Rock, aliyetoa ishara, hakuonekana hata WrestleMania ilipofika, na sababu ya usaliti ikabaki inaning'inia. Adui lazima aamini kwamba ana haki. Zbyszko aliamini, Bret aliamini kuliko wote.

Nimezungumzia usaliti mno, na muda wangu umekwisha. Nimalizie na geuko la upande wa pili.

Machi 24, 1991, Los Angeles. Randy Savage, aliyekuwa adui kwa takriban miaka miwili, amepigwa na The Ultimate Warrior katika pambano ambalo anayeshindwa anastaafu. Amelala, na Sherri, meneja wake, anampiga mateke kwa sababu amepoteza. Kwenye viti vya watazamaji alikuwepo Elizabeth, mwanamke aliyekuwa naye zamani, ambaye Savage mwenyewe alimfukuza. Akaruka kutoka vitini, akamtupa Sherri nje. Savage akainuka, akamwona ni nani. Wakakumbatiana, na kamera zikawaonyesha watu wazima wakilia.

Kwa miaka yote waliyokuwa pamoja, Elizabeth ndiye aliyekuwa akimpanulia kamba, yeye Savage apite kwa mbwembwe zake bila kumtazama. Usiku ule walipotaka kutoka, Elizabeth akasogea kuzishika kamba kama kawaida yake. Savage akamzuia. Akazishika yeye, akazipanua, akasubiri Elizabeth atangulie.