pH Inayopanda Kila Jioni: Maji ya Kisima Kwenye Haidroponiki

SALUM: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunaingia kisimani: maji ya kisima kwenye haidroponiki, yaani kilimo cha kwenye maji bila udongo, na pH, kile kipimo cha ukali wa asidi majini, ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Tunaanza na ujumbe tuliotumiwa. Nausoma kama ulivyo: "Napanda letasi nyumbani kwenye mabomba, maji nachota kisimani. Asubuhi nashusha pH hadi 5.8, jioni naikuta imefika 7. Kesho yake hivyo hivyo. Majani machanga yamekuwa ya njano lakini mishipa imebaki kijani. Nimeongeza mbolea, hali imezidi kuharibika. Nifanye nini?" Dada Rehema, huyu tumsaidieje?

REHEMA: Kwanza pole yake. Na nimshukuru, maana ameeleza vizuri mno, jibu karibu lote limo humo humo. Majani machanga ya njano na mishipa ya kijani, hapo mmea unakosa chuma. Si kwamba chuma hakimo tangini, kimo. Mbolea nyingi hutumia chuma kilichofungwa na EDTA, kemikali inayokishikilia kisigande, na hicho pH ikipita kama 6.5 kinaanza kuachia na kuganda. Mzizi unakaa ndani ya maji yenye chuma na haukipati.

SALUM: Kwa hiyo alipoongeza mbolea...

REHEMA: Aliongeza chumvi juu ya chumvi. Mizizi ikapata taabu ya kunyonya maji, na chuma kikabaki hakifai vile vile.

SALUM: Sasa hiyo pH inayorudi juu kila siku inatoka wapi? Wengine watasema kipimo chake kibovu.

REHEMA: Kukihakiki ni vizuri, lakini mimi nashuku bikaboneti. Mvua ikizama ardhini inabeba hewa ya kaboni dioksidi kutoka kwenye udongo, inakuwa asidi hafifu, na ikipita kwenye miamba ya chokaa inaiyeyusha kidogo kidogo. Maji yakifika kisimani yamebeba kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti. Hiyo bikaboneti ndiyo inayokula asidi. Unatia asidi, pH inashuka, unaridhika. Asidi imegeuza sehemu ya bikaboneti kuwa kaboni dioksidi, ambayo bado imo ndani ya maji. Pampu ikizungusha maji, ile hewa inatoka, na pH inapanda tena.

SALUM: Na mimea yenyewe haipandishi?

REHEMA: Inapandisha pia, hasa ikinyonya nitrati kwa wingi. Ila kutoka 5.8 hadi 7 ndani ya siku moja, kila siku, kwa mtu wa kisima, mimi nitaangalia bikaboneti kabla ya kitu kingine chochote. Watu wanahangaika na pH kwa sababu ndiyo namba wanayoiona kwenye kipimo. pH inakuonyesha maji yalipo sasa hivi. Bikaboneti inakuonyesha yatagoma kiasi gani ukitaka kuyasogeza.

SALUM: Kuna wanaopima maji pale pale yanapotoka kwenye pampu, wanakuta 6.6, wanasema kisima chao kizuri.

REHEMA: Hao nawaomba wafanye jambo moja. Chota maji kwenye ndoo, weka kipulizia hewa kile cha matangi ya samaki, yaache mpaka kesho, upime tena. Maji ya chini ya ardhi yanatoka na kaboni dioksidi nyingi, ndiyo maana pH inaonekana iko chini. Hewa ikishatoka unaweza kukuta 7.8. Hiyo ndiyo pH ya kufanyia kazi, maana tangini mwako maji yanazunguka na kupigwa hewa muda wote.

SALUM: Tufike kwenye namba. Ameenda maabara, karatasi imeandikwa bikaboneti miligramu 305 kwa lita. Aisomeje?

REHEMA: Agawanye kwa 61. Anapata 5, yaani milikwivalenti 5 kwa lita, kipimo kinachoonyesha asidi kiasi gani itahitajika kuimaliza. Hataki kuimaliza yote, kwa sababu ikiisha kabisa pH inakosa kizuizi, inaweza kuporomoka. Aache kama 1, aondoe 4. Na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Chupa nyingi za kushushia pH ni asidi ya fosforiki. Kwenye maji yenye bikaboneti kidogo haina neno. Lakini ukiondoa milikwivalenti 4 kwa fosforiki peke yake, unaingiza fosforasi karibu miligramu 124 kwa kila lita. Letasi inataka kama 30 hadi 50.

SALUM: Zaidi ya mara mbili! Na bado hajaweka mbolea.

REHEMA: Bado kabisa. Fosforasi ikizidi hivyo inagombana na chuma na zinki, na kwenye maji magumu inashikana na kalsiamu mpaka unaona unga mweupe chini ya tangi. Kwa hiyo anaona njano, anasema pH, anatia fosforiki zaidi, njano inaongezeka. Ni mzunguko unaoumiza, na mtu anakata tamaa akidhani hajui kulima.

SALUM: Basi atumie nini?

REHEMA: Kama anaipata na anajua kuishika, asidi ya nitriki. Kwa zile milikwivalenti 4 itampa nitrojeni miligramu 56 kwa lita, ambayo mmea unaihitaji. Anaipunguza kwenye hesabu ya mbolea, basi. Ya sulfuriki pia hutumika. Ya sitriki ni salama zaidi kuishika, lakini vijidudu vinaila, na pH inarudi baada ya siku chache. Kwa tangi linalozunguka mimi siitegemei. Na hizi mbili za kwanza ni kali: miwani, glavu, mahali penye hewa, watoto mbali. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Usimimine maji kwenye asidi hata siku moja, inachemka na kukurukia usoni.

SALUM: Na kama hana maabara karibu?

REHEMA: Ndoo ya lita 10. Maji ya kisima matupu, bila mbolea. Atie asidi iliyokwishapunguzwa makali, mililita moja moja kwa bomba la sindano, akoroge, asubiri, apime, aandike. Akifika 5.8 asimame. Aweke kipulizia hewa usiku kucha. Asubuhi akikuta 6.8, aongeze tena mpaka itulie. Jumla ya zile mililita ndiyo dozi yake kwa kila lita 10. Kuanzia hapo maji anayatibu kwenye pipa la pembeni, yanatulia, ndipo yanaingia tangini na mbolea. Vita vya pH vinapiganwa pipani, mizizi haihusiki.

SALUM: Mimi nina swali la EC, kile kipimo cha chumvi zilizoyeyuka majini. Watu wanaangalia mimea inataka 1.4, wanatia mbolea mpaka isome 1.4.

REHEMA: Na kisima chenyewe kinasoma 0.8 kabla ya kuweka chochote! Imebaki 0.6 ya chakula, mimea inashinda njaa na kipimo kinasema sawa. Lazima ujue hiyo 0.8 ni ya nini. Kama ni kalsiamu na magnesiamu, ni mali, tafuta mbolea iliyotengenezwa kwa maji magumu, yenye kalsiamu kidogo. Kama ni sodiamu na kloridi, hiyo ni kesi nyingine.

SALUM: Maji ya chumvi.

REHEMA: Ndiyo. Letasi hainyonyi sodiamu nyingi. Inakunywa maji, sodiamu inabaki, unajazia maji mengine yenye sodiamu. Kila ukijazia inapanda. Ikianza na zaidi ya miligramu 50 kwa lita, usitegemee kuzungusha maji yale yale muda mrefu. Mwaga, anza upya, mara nyingi zaidi. Na tafadhali, kama nyumba ina mashine ya kulainisha maji, ile inayotumia chumvi, chukua maji kabla hayajaipitia. Inakuondolea kalsiamu unayoihitaji na kukupa sodiamu usiyoitaka.

SALUM: Chujio la osmosisi si lingemaliza yote haya? Naona wengi wanalikimbilia.

REHEMA: Linaondoa sehemu kubwa sana ya chumvi, ni kweli, na kwa maji ya chumvi nyingi au boroni nyingi mara nyingine hakuna njia ya kulikwepa. Lakini linamwaga maji mengi, na baadaye inabidi urudishe kalsiamu na magnesiamu. Mwenye bikaboneti tu sioni kwa nini aanzie huko. Akichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua, ile 305 inakuwa kama 150. Hiyo asidi ndogo inaimudu.

SALUM: Kuna pia wale ambao maji yanatoka meupe kabisa, baada ya saa chache glasi imegeuka rangi ya kutu.

REHEMA: Chuma cha ardhini. Kikiwa chini hakina hewa, kimeyeyuka, hakionekani. Kikikutana na hewa kinaganda. Mmea hauli hicho, na matundu ya matone yanaziba, yanashika ute wa kahawia. Yapige hewa pipani, yaache yatuame, yapitishe kwenye chujio la mchanga. Harufu ya yai bovu nayo huondoka kwa kupigwa hewa.

SALUM: Na vijidudu? Letasi inaliwa mbichi.

REHEMA: Pima koliformi na E. koli, bakteria wanaoonyesha kwamba uchafu umeingia majini, hasa baada ya mvua kubwa, na kisima kifunikwe vizuri. Vikionekana, taa ya UV au klorini kwa kipimo. Ukiwa maabara, ulizia nitrati na aseniki pia, kwa sababu kisima hicho hicho huenda watu wanakunywa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni nitrati miligramu 50 na aseniki mikrogramu 10 kwa lita. Nitrati ikizidi hapo, mtoto mchanga asitengenezewe maziwa kwa maji hayo, na kuchemsha hakuiondoi.

SALUM: Sampuli inachukuliwaje?

REHEMA: Acha pampu iendeshe dakika kadhaa, maji yaliyolala bombani yatoke. Suuza chupa kwa maji yale yale, jaza mpaka juu pasibaki hewa, iweke baridi, ipeleke mapema. Ya vijidudu ni chupa tofauti, ya maabara, isiyosuuzwa. Na upime kiangazi na masika, kisima hakikai vile vile.

SALUM: Basi ndugu yetu wa letasi za njano, wiki hii afanye nini?

REHEMA: Amwage tangi. Afanye lile jaribio la ndoo leo. Ajaze maji yaliyotibiwa, mbolea kwa kipimo cha kawaida, na chuma kilichofungwa na DTPA badala ya EDTA, au cha EDDHA ambacho kinavumilia pH ya juu zaidi. Hicho cha EDDHA kitafanya maji kuwa mekundu, asishtuke. Majani ambayo yameshakuwa ya njano huenda yasirudi vizuri, asiyahukumie hayo. Aangalie yale yanayochipua katikati.

SALUM: Ndugu, ukishapata namba zako tuandikie, tutazisoma hapa pamoja. Asante, dada Rehema.

REHEMA: Asante, kaka Salum. Na asisahau miwani.