Jinsi ya kupanda na kushuka rafu rodi ya mlimani mpaka pale njia ya miguu inapoanzia

Mambo vipi dereva mwenzangu, karibu, leo tunaingia kazini moja kwa moja. Tunaongelea kile kipande cha mwisho cha safari, lami imeishia huko chini, mbele yako kuna kilomita kadhaa za mawe, mitaro iliyochimbwa na maji na kona kali, alafu huko juu ndo unaacha gari unaanza kutembea. Watu wengi wanajiandaa kwa ajili ya mlima, buti wanazo, koti la mvua wanalo, ila hii barabara hakuna aliyeiwaza, na hii barabara utaipita mara mbili, na mara ya pili unakuwa umechoka, magoti yanauma, giza linaingia na pengine mvua imeshanyesha. Kwahiyo kila nitakachokuonesha humu kipime kwa swali moja tu: hapa ninapopanda saivi, jioni ntaweza kushuka? Kama jibu ni hapana usipande, hata kama gari inapanda vizuri kabisa.

Hatua ya kwanza inafanyika nyumbani kabla hujawasha gari. Anza na tairi, angalia kashata zake, yale meno ya tairi yanayoshika barabara, alafu pitisha mkono ubavuni mwa tairi ndani na nje, mana mawe ya mlimani hayatoboi pale chini tu, yanachana ubavu, na ubavu ukichanika hauzibiki kama pancha ya kawaida. Spea tairi iteremshe kabisa uiangalie, usiishie kuigonga na mguu, ipime upepo. Jeki ijaribu, spana ya nati za tairi hakikisha inaingia kweli kwenye nati zako, na beba kipande cha mbao nene cha kuweka chini ya jeki kwasababu kwenye udongo laini jeki inazama badala ya kunyanyua gari. Beba pia geji ya upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, utaona kazi yake muda si mrefu.

Kingine ni mafuta ya breki. Haya mafuta yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani taratibu, na yakishanyonya maji yanachemka mapema. DOT 4, aina ya mafuta ya breki inayotumika kwenye magari mengi, ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni 230°C, ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka mpaka 155°C, na kwenye mteremko mrefu breki inaweza kufika huko. Yakichemka yanatoa mvuke, unakanyaga pedali inazama tu, breki hamna. Kama hujayabadilisha zaidi ya miaka miwili, badilisha kabla ya safari.

Mafuta ya gari jaza tangi, mana gia ya kwanza na ya pili zinakunywa. Ramani idaunilodi kwenye simu ukiwa bado na mtandao, na muda ambao simu inakwambia utatumia usiuamini, simu nyingi zinahesabu kama vile barabara ni nzuri. Kwenye mawe makubwa kwenda kilomita 10 kwa saa ni mwendo wa kawaida kabisa, wala hujachelewa. Alafu mwambie mtu unaenda wapi, utaacha gari wapi na unategemea kurudi saa ngapi.

Haya, tumefika lami inapoishia. Simama hapa. Jamani naomba hapa msiharakishe, toa gari pembeni, zima, shuka.

Kitu cha kwanza tunapunguza upepo. Kama tairi zako unazijaza 35 psi, hicho ndo kipimo cha upepo kwenye geji, shusha mpaka 26 au 28 hivi. Tairi ikilegea kidogo inalala juu ya jiwe badala ya kurushwa na jiwe, sehemu inayogusa chini inaongezeka, inashika vizuri na kiti chako pia kinatulia. Usishushe kupita kiasi, ukienda chini sana rimu inagonga mawe na ubavu unavimba nje kabisa unakuwa wazi kwa kuchanika, na kumbuka tairi laini haitaki spidi. Pima kabla tairi hazijapata moto, au ukipima zikiwa na moto jua kwamba geji inasoma juu kidogo.

Kitu cha pili, kila kilicholegea ndani ya gari kifunge au kiweke chini, chupa ya maji ikibingirika ikaingia chini ya pedali ya breki hio ni ajali. Kitu cha tatu kama gari yako ni fowili yenye 4H (tairi zote nne zinavuta kwa mwendo wa kawaida) na 4L (zote nne zinavuta pole pole ila kwa nguvu zaidi), weka 4H sasa, usisubiri mpaka ukwame ndo ukumbuke. 4L tunaiacha kwa ajili ya sehemu zenye mawe makubwa na miinuko mikali, na magari mengi yanataka usimame kabisa na gia iwe nyutro ndo iingie, kwahiyo iweke kabla ya mlima, sio katikati ya mlima.

Na wewe mwenye gari ndogo isiyo na fowili, nakwambia ukweli bila kukuficha. Gari ndogo nyingi chini zina nafasi ya sentimita 13 mpaka 15 tu, na zile zinazovuta kwa tairi za mbele zikipanda mlima uzito unarudi nyuma, tairi za mbele zinabaki nyepesi zinazunguka bure. Barabara ikiwa kavu na imelimwa vizuri utafika. Ikiwa na mawe yaliyosimama au udongo mwekundu umelowa, paki huku chini utembee hizo kilomita za ziada, miguu inapumzika ikalala ikapona, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikipasuka huko juu gari haitembei tena.

Sasa tunaanza kupanda. Angalia mikono yangu hapa kwenye stelingi, vidole gumba viko juu ya usukani, havijaingia ndani, mana tairi ikigonga jiwe usukani unaweza kujizungusha ghafla ukakuvunja kidole. Macho yasiwe kwenye boneti, yatupe mbele unakoelekea, tairi utaziweka sawa tu.

Kwenye jiwe, watu wengi wanafanya kinyume, wanalipitisha katikati ya tairi. Jiwe likiwa fupi kuliko tumbo la gari sawa, ila kama huna uhakika panda juu yake na tairi, pole pole, tairi inanyanyua gari na tumbo lote linanyanyuka nayo. Kwenye mitaro ile ya maji iliyokatika kwa urefu wa barabara, usiruhusu tairi ziangukie ndani, panga tairi moja huku na nyingine kule mtaro ubaki katikati. Ukiona mtaro unapanuka kiasi kwamba huwezi kuupanga, simama, shuka, tembea mpaka mbele uone unaishaje. Kushuka kwenye gari na kuangalia kwa miguu ndo kitu cha maana kuliko vyote humu, na kinachukua dakika mbili. Ukiwa na mwenzako mwache asimame mbele akuelekeze kwa mikono, ila mkubaliane kabla kwamba mkono huu ni kushoto na huu ni simama, na asisimame nyuma ya gari linalopanda wala upande wa chini wa mteremko.

Pale kwenye rasta, yale mawimbi madogo madogo yanayotetemesha gari mpaka meno, kuna watu watakwambia kimbia ndo hutayasikia. Ni kweli mtetemo unapungua lakini tairi zinakuwa zinaruka juu ya vilele, hazishiki chini, na kwenye kona utaenda moja kwa moja. Kwenye barabara tambarare pana sawa, mlimani usifanye. Nenda taratibu, shokapu zikipata moto sana simama zipoe.

Injini nayo itapungua nguvu kadri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, inapoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwahiyo usishangae ukiona gari inachoka, shusha gia mapema kabla haijakata pumzi. Geji ya joto iangalie, ikianza kupanda zima eisi, na ikizidi simama, mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe.

Na gari ikishindwa katikati ya mwinuko sikiliza vizuri hapa. Usijaribu kugeuza. Gari likikaa kingama kwenye mteremko ndo linabiringika. Kanyaga breki, weka gia ya rivasi, tairi ziwe zimenyooka, rudi nyuma moja kwa moja kwa kufuata njia uliyopandia, injini ndo iishike gari na wewe unagusa breki kidogo kidogo. Klachi usiikanyage ukiwa unarudi, ukiikanyaga gari linakuwa huru.

Kona zile zilizokunjika kabisa, piga honi kabla hujaingia, washa taa hata mchana, kaa upande wako. Ukikutana na gari lingine sehemu nyembamba, kanuni inayokubalika nchi nyingi ni kwamba anayepanda anapewa nafasi, anayeshuka ndo anasimama, ila kama sehemu ya kupishania iko mita chache nyuma ya wewe unayepanda, rudi tu wewe, wala hupungukiwi kitu. Wakati wa kupishana usisogee ukingoni upande wa bonde. Ule ukingo unaonekana mgumu juu kumbe chini maji yameshakula, hasa baada ya mvua. Aliye upande wa bonde atulie, aliye upande wa mlima ndo ajibane na apite.

Ukikuta maji yanakatiza barabara, shuka uyaangalie. Maji yanayotembea ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuzifanya gari ndogo nyingi zielee, sentimita 60 yanabeba hata magari makubwa ya fowili. Kama huoni chini na yanakimbia, usiingie. Na hapa rudisha lile swali letu, mana mvua za milimani nyingi zinanyesha mchana, kijito ulichovuka asubuhi kikiwa kwenye kifundo cha mguu jioni kinaweza kuwa kiunoni. Kuhusu tope, ukiona udongo umeshika tairi mpaka kashata zimejaa na gari inaanza kuogelea, hapo ni mwisho wako wa kupanda siku hio.

Tumefika juu. Kabla hujapaki, geuza gari iangalie chini, saivi kukiwa na mwanga na una nguvu, sio usiku na tochi. Usipaki juu ya majani makavu marefu, ekzosi ina moto wa kuweza kuwasha majani. Usipaki kwenye mkondo uliokauka wala chini ya mti ulioinama. Weka gia, vuta hendibreki, zungushia tairi kuelekea upande wa mlima, weka jiwe nyuma na mbele, na waachie wenzako nafasi ya kugeuzia. Chungulia na chini ya gari kama kuna kitu kinavuja, ukigundua sasa una muda wa kufikiria.

Umetembea, umerudi, sasa tunashuka, na hapa ndo ningependa mnisikilize kuliko sehemu zote. Kwanza usiwashe gari hapohapo. Kaa, kunywa maji, kula kitu, badilisha soksi, yaani miguu inayotetemeka haikanyagi breki vizuri. Kama umechoka kiasi macho yanafunga, lala kwenye gari, hamna ubaya wowote.

Chagua gia kabla ya mteremko. Kanuni rahisi, gia uliyopandia ndo ya kushukia, na kwenye mawe makali 4L gia ya kwanza. Otomatiki usiiache kwenye D, weka L au 1 au 2, au ile ya kuchagua mwenyewe. Sikia injini hapa, inanguruma, usiogope, hio kelele ndo inayoshika gari. Mguu kwenye breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo unapungua, unaachia kabisa, breki inapoa, alafu tena. Usiweke mguu juu ya breki muda wote, hio ndo inayochemsha. Na kamwe usishuke na nyutro eti unaokoa mafuta.

Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imekuwa laini, tafuta sehemu tambarare, simama, jiwe kwenye tairi, subiri nusu saa au zaidi. Usimwagie maji, diski ya moto ikimwagiwa maji inapinda au kupasuka. Gari ikianza kuteleza kwenye changarawe achia breki kidogo tairi zizunguke, tairi iliyofunga haikati kona.

Giza likikukuta, mashimo yanaonekana kama vivuli na vivuli vinaonekana kama mashimo, kwahiyo mwendo uwe nusu ya ule wa mchana. Ukungu ukishuka taa kubwa zinakurudishia mwanga usoni, tumia taa za chini.

Ukigusa lami, simama palepale ulipotolea upepo. Jaza tena tairi mpaka kiwango chake, mana tairi laini kwenye lami kwa spidi inapata moto na kupasuka. Toa fowili kama ni ile ya kuweka na kutoa, kwenye lami kavu inasumbua difu na gia. Kaza nati za tairi zote, mtetemo unazilegeza, toa mawe yaliyokwama katikati ya kashata, angalia ubavu wa kila tairi na chini ya injini, alafu jaribu breki kwa mwendo mdogo mara mbili tatu kabla hujaingia kwenye magari.