Kulinganisha Saa ya Linux kwa PTP: Fuata Nami Hatua kwa Hatua

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunaifanya saa ya kompyuta hii ya Linux iifuate saa kuu inayopokea GPS, kupitia waya wa kawaida wa Ethernet, kwa itifaki ya PTP (Precision Time Protocol), yaani kanuni za kulinganisha saa kupitia mtandao. Kiwango chake ni IEEE 1588, kilichotolewa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2008 na 2019. Namna ya kusakinisha linuxptp, mkusanyiko wa programu za PTP tutakazotumia, sitaionyesha, kwa kuwa mnaijua.

Kwanza andikeni ethtool -T eth0, ambapo eth0 ni jina la kadi ya mtandao. Katika majibu yatafuteni maneno hardware-transmit na hardware-receive, ambayo yanaonyesha kwamba kadi yenyewe ndiyo inayogonga muhuri wa saa pakiti inapopita, bila kuingojea kernel, yaani kiini cha Linux, iliyoshikwa na shughuli nyingine. Mimi hupendelea Intel i210 na, niseme wazi, ninaiuza. Hata hivyo, kadi yoyote yenye maneno hayo mawili inatosha.

Pili, zimeni chrony au ntpd, programu nyingine zinazorekebisha saa ya mfumo. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Sasa endesheni ptp4l -i eth0 -s -m, programu inayoifanya saa ya kadi iifuate saa kuu. Tazameni mistari inayoteremka: master offset ni tofauti yetu na saa kuu, kwa nanosekunde, s0 ni kwamba saa bado haijashikwa, s1 inasogezwa kwa mkupuo, na s2 imeshikwa na sasa inarekebishwa polepole. Tumefika s2, na tofauti inacheza kati ya hasi tisa na kumi na…

Ngojeni. Mmeona? Imeruka hadi maelfu, na path delay, yaani muda wa pakiti kusafiri njiani, nayo imepanda. Tusiguse mipangilio yoyote, kwa sababu kosa haliko kwenye programu. Nageuza kamera: kati ya mashine hizi mbili kuna swichi ndogo isiyoijua PTP, na mafaili yanayonakiliwa kupitia hapo yanazifanya pakiti zetu zipange foleni, upande mmoja zaidi ya mwingine. Swichi inayoijua PTP ingepima muda ambao pakiti imekaa ndani yake na kuuandika katika ujumbe, au ingekuwa yenyewe saa ya kati. Kwa leo naichomoa na kuunganisha waya moja kwa moja. Namba zimetulia.

Jambo hili linastahili kukaziwa. PTP hupima safari ya kwenda na kurudi, kisha huigawa kwa mbili, ikichukulia kwamba pande zote ni sawa. Uzi wa fiba wa kwendea ukiuzidi wa kurudia kwa mita 10, ambazo mwanga huzipita kwa nanosekunde 50 hivi, saa yenu itakosea nanosekunde 25, huku skrini ikionyesha sifuri. Tofauti hiyo ipimeni wenyewe, kisha muiandike katika delayAsymmetry, mpangilio wa ptp4l.

Hadi hapa tumelinganisha saa ya kadi peke yake. Ya mfumo inahitaji phc2sys -s eth0 -w -m, katika dirisha jingine, ptp4l ikiwa bado inaendelea. Tafadhali msiisahau -w. Narudia, msiisahau -w. PTP kwa kawaida hutumia saa ya TAI, saa ya atomiki ya kimataifa, ambayo tangu Januari 1, 2017 iko mbele ya UTC, saa ya kawaida ya dunia, kwa sekunde 37, na -w ndiyo inayoiambia phc2sys iichukue tofauti hiyo kutoka ptp4l. Mkiiacha, na bila kuiweka tofauti hiyo wenyewe kwa -O, phc2sys itakataa kuanza; na mkiweka -O 0 ili kuipita, kompyuta itawahi kwa sekunde 37 kamili, na hakuna onyo litakalotokea, kwa kuwa offset itaonekana safi kabisa. Basi linganisheni na saa nyingine iliyo karibu: je, sekunde zinaoana? Kama hazioani, angalieni -w na -O kabla ya kitu kingine chochote.

Mwisho, andikeni pmc -u -b 0 'GET TIME_STATUS_NP', amri inayoiuliza ptp4l hali yake. Pakiwa na gmPresent true, na gmIdentity ikawa ya saa yenu kuu, wala si ya kifaa kingine kilichojitwalia ukuu mtandaoni, zigeuzeni amri zote mbili ziwe huduma za systemd, yaani zianzishwe na mfumo wenyewe, ptp4l ikitangulia.